Bakuli la Kitoweo

Safaa alijisugua kwa limau mara tatu kabla ya kupanda gari la Fahmi, na bado alinuka dagaa. Harufu ile haikai juu ya ngozi. Huingia kwenye nywele, chini ya kucha, hata kwenye buibui linalovaliwa Idi mpaka Idi. Walipofika ukumbini Madungu, fundi matofali mmoja aitwaye Suhail alivuta pumzi, akatazama chini ya meza kama anayetafuta paka aliyekufa, kisha akasogeza kiti chake mbali.

"Yakhe, yafungueni madirisha haya," alisema. "Kuna mtu kaja na bahari nzima."

Watu wakacheka. Safaa akainamisha kichwa, akaificha mikono ndani ya buibui. Hakumkasirikia Suhail. Yeye mwenyewe alikuwa akijisikia vibaya kwa harufu ile kila alfajiri, kabla hata hajatia chai mdomoni.

Mafunzo yalikuwa ya siku moja, ya haki za kazi na ajira yenye staha, kwa waajiri na wafanyakazi wa mikoa miwili ya Pemba. Maneno hayo yaliandikwa kwenye kitambaa kirefu cha buluu juu ya meza kuu. Safaa aliyasoma polepole, herufi kwa herufi, maana shule aliiacha darasa la nne. Kila mwajiri alitakiwa aje na mfanyakazi wake mmoja. Fahmi ndiye mwenye diko, bandari ndogo ya wavuvi, la kuchemshia dagaa huko chini ya Wingwi, na wanawake wanaomfanyia kazi ni thelathini kasoro kidogo. Miongoni mwao wapo wenye ndimi kali za kumnyamazisha yeyote. Akamchagua Safaa.

Msimamizi wake, Ngwali, aliposikia alicheka mpaka akakohoa.

"Huyu? Huyu hata akiumwa na tandu hasemi."

"Ndiyo maana," Fahmi alijibu, naye Safaa amesimama pale pale, kama mbuzi anayesemewa umri wake mnadani.

Ndani ya gari alimpa masharti. "Kaa, kula, tia sahihi, pigwa picha, turudi. Ukiulizwa, sema tunaishi kama ndugu. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, Bwana Fahmi."

Lile neno "mwanangu" lilimkaa Safaa kooni kama mwiba wa samaki. Fahmi hulitumia anapotaka kitu tu.

Mwezeshaji alikuwa kijana wa Unguja aitwaye Hudhaifa. Alinukia manukato yaliyozidi kipimo, na kila baada ya dakika chache aliwasimamisha watu wazima na ndevu zao wapige makofi anayoyaita ya mvua, kuanzia manyunyu mpaka gharika. Ukutani alibandika karatasi nne kubwa. Ya kwanza ilikuwa ya matarajio, ya pili ya kanuni za ukumbi, ya tatu ya ratiba. Ya nne aliiandika juu yake: MAEGESHO.

"Hapa," alisema akitabasamu, "tutaegesha hoja zote ambazo muda wake haujafika. Hakuna hoja inayopotea, ndugu washiriki. Tunaegesha tu."

Kabla ya chai, karatasi ile ilikuwa imeshajaa nusu. Mpishi wa hoteli aliuliza kuhusu likizo ya uzazi, akaegeshwa. Mlinzi aliuliza kuhusu kulinda siku saba mfululizo, naye akaegeshwa.

Safaa hakuwa akimsikiliza sana Hudhaifa. Macho yake yalikuwa kwa mwanamke aliyekaa pembeni ya meza kuu, mtandio wa kijivu, miwani, kalamu mkononi. Alimtambua tangu mlangoni. Alikuwa Bi Khairiya, afisa kazi. Wiki tatu zilizopita alifika diko kwao kukagua, akamkuta Bimkubwa, mwenzake Safaa wa kazi, amelala mchangani, mguu umeungua kutoka gotini mpaka kwenye vidole. Gari lake ndilo lililomkimbiza hospitali. Na kalamu yake ndiyo iliyoandika, kama alivyoelezwa na Fahmi, kwamba majeruhi si mfanyakazi, ni mama aliyekuja kuomba kitoweo.

Tangu siku hiyo Bimkubwa yuko kwake Mgogoni, mguu umeinuliwa juu ya mto. Fidia ya mfanyakazi hana, maana kwa karatasi hakuwa kazini. Fahmi hajapeleka hata panadoli. Daktari alisema mguu unataka kutibiwa tena, tena upesi, na binti wa Bimkubwa ameshauza mbuzi wao wote wawili.

Safaa aliyajua yote hayo kwa kusikia. Kufika Mgogoni kumtazama, hakuthubutu.

Baada ya chai Hudhaifa aligawa karatasi kubwa na kalamu za rangi.

"Kila mfanyakazi achore vifaa vyake vya kazi, vyote, tangu anapoingia mpaka anapotoka. Asiyejua kuandika asiogope, hapa tunachora."

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Safaa aliinua uso. Kuchora alikuweza. Huko diko, wakingoja vyombo vya wavuvi viingie, huchora mchangani kwa kijiti, na wenzake humwambia amchore Ngwali na kitambi chake. Akalala juu ya karatasi na kusahau watu. Alichora jiko la mawe na sufuria lake pana kama kitanda. Akachora tenga la matundu linalotumbukizwa kwenye maji ya chumvi yanayochemka, na mti mrefu unaopitishwa kwenye mishikio yake ili wanawake wawili walinyanyue, mmoja huku na mwingine kule. Akachora chanja ya kuanikia, na kanga ya kufungia pua. Lakini kabla ya vyote hivyo, pale juu kabisa, mkono wake ulikuwa umeshachora bakuli.

Hakulichora kwa ujanja wala kwa ushujaa. Alilichora kwa sababu aliambiwa aanze pale anapoingia, na diko kwa Fahmi mtu huingia na bakuli. Ngwali husimama kwenye njia kila alfajiri. "Bakuli liko wapi? Huna? Rudi kwenu." Mwanamke anaweza kusahau kanga, anaweza kusahau hata viatu, akapita. Bila ya bakuli hapiti.

Karatasi zikabandikwa ukutani, kila mtu akatakiwa kueleza yake. Zamu ya Safaa ilipofika, alisimama kando ya picha yake akitazama vidole vya miguu. Suhail ndiye aliyeuliza, kwa masihara yake.

"Mengine nimeyaelewa, bibi. Hilo bakuli la nini? Kwenu mnakunywa supu kazini?"

Kicheko. Safaa akajibu chini chini, kama anayejibu swali la mwalimu.

"La kushika, akija mgeni."

"Mgeni gani?"

"Wa serikali."

Kicheko kikakatika. Bi Khairiya akavua miwani.

Nawe unajua desturi ya diko, au hujui, basi ni hivi: tangu enzi za bibi zetu, anayefika pwani na bakuli wakati chombo kimeingia harudishwi nalo tupu. Hutiliwa kitoweo, gao moja au mawili, ujazo wa kiganja, akashukuru akaenda zake. Mjane hula hivyo, mgonjwa hula hivyo, na hakuna anayeona haya. Fahmi aliichukua desturi hiyo njema akaifanya pazia. Simu ikipigwa kutoka barabarani kwamba gari la serikali linateremka, Ngwali hupiga kelele moja tu, "Wageni!", na wanawake wote huacha walichoshika, wakakamata mabakuli, wakajipanga kama waombaji. Afisa akifika huwakuta wafanyakazi watano walioandikwa kwenye daftari, na kundi la akina mama waliokuja kuomba kitoweo. Safaa aliandikwa wa sita juzi, ili apatikane mtu wa kuja naye Madungu.

Fahmi alikuwa wa kwanza kucheka tena. "Watoto wa diko hawa na mizaha yao! Hudhaifa, endelea, bwana, njaa inauma."

Hudhaifa alimtazama Fahmi, akamtazama Bi Khairiya, akatazama saa. "Ni hoja nzuri sana," alisema. "Nzuri sana. Tunaiegesha." Akaandika chini kabisa ya karatasi ya nne: bakuli. Kisha akawasimamisha watu wapige makofi ya mvua.

Safaa alirudi kitini. Kilichomchefua zaidi kilikuwa yale makofi. Hata Suhail alipiga, lakini manyunyu tu, na macho yake hayakuondoka kwenye picha.

Wakati wa chakula Fahmi alimfuata mpaka kwenye pembe aliyojificha. Alishika sahani mbili za pilau zilizorundikwa nyama. Mafuta yalimng'aa kwenye ndevu, na punje ya wali ilimning'inia pale, ikitikisika kila aliposema.

"Kula, mwanangu. Usiogope, sina hasira. Umeteleza tu." Akamwongezea kipande cha nyama kwa vidole vile vile alivyokuwa akivilamba. "Nimefikiri. Kazi ya moto si yako weye, mwili wako mdogo. Jumatatu nakutia kwenye chanja, uwasimamie wanaoanika. Kivulini. Unaonaje?"

Safaa alikuwa amekiomba kivuli kile kwa miaka miwili, moyoni tu, bila kumwambia mtu. Alitazama mafuta yakiganda kwenye ukingo wa sahani, meupe, na akaiona tena ngozi ya mguu wa Bimkubwa.

Asubuhi ile, wiki tatu nyuma, walikuwa wamelinyanyua tenga wao wawili, mti begani, Safaa mbele na Bimkubwa nyuma. Lilikuwa limejaa, linatiririka maji ya moto. Hapo ndipo Ngwali alipopiga kelele, "Wageni!" Na Safaa, ambaye jana yake alifokewa mbele ya watu kwa kuchelewa kushika bakuli lake, aliachia. Hakuangalia nyuma. Alitupa mti akakimbia. Alisikia kishindo, kisha ukelele ambao mpaka leo humjia akiwa sokoni, akiwa kisimani, akiwa kwenye sala. Aliporudi, ngozi ilikuwa imejikunja kama soksi. Dagaa weupe walikuwa wameganda kwenye nyama ya mguu, na juu ya hayo yote ilinuka harufu ya chakula. Hilo ndilo baya kuliko yote. Ilinuka kama kitu cha kuliwa.

"Mwekeeni bakuli!" Ngwali alisema, gari limeshaonekana. "Upesi! Nyie watano mna nini?"

Wale watano wa daftari walisita. Aliyechukua bakuli na kuliweka ubavuni mwa Bimkubwa alikuwa Safaa.

"Unaonaje?" Fahmi aliuliza tena. Ile punje ya wali ilianguka kifuani mwake.

"Sijisikii vizuri, Bwana Fahmi."

Alitoka kwenda bombani, akatapika chai ya asubuhi. Alipoinua kichwa, Bi Khairiya alikuwa amesimama kando yake na leso mkononi.

"Pole. Jifute." Akamkabidhi leso. "Siku ile niliuliza kila mtu pale diko. Nikaoneshwa bakuli la yule mama aliyeungua, nikaandika. Mwanangu, mimi nimeandika nilichokiona. Nimekosea?"

Safaa alifungua mdomo. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno, yakarudi. Akatikisa kichwa, si ndiyo wala si siyo, akakimbilia ndani. Njiani alijichukia mpaka akajibana mkono kwa kucha.

Mchana ulikwenda kama ulivyokwenda. Ilipofika saa ya kufunga, Hudhaifa aliikumbuka karatasi ya nne.

"Ndugu washiriki, muda si rafiki. Hoja za maegesho tutazifanyia kazi kwenye kikao kijacho, inshallah." Akaibandua, akaikunja. Mwanamke wa jikoni aliyekuwa akikusanya sambusa zilizobaki alimwomba karatasi ya kufungia, naye, bila hata kutazama, akampa ile.

Safaa aliona. Aliliona neno bakuli likipotea kwenye mkunjo, na mafuta ya sambusa yakipenya kutoka ndani.

"Sasa tupate neno la shukurani kwa niaba ya wafanyakazi," alisema Hudhaifa.

"Safaa atasema!" Fahmi alidakia, sauti ya kuchangamka. Alimjua vizuri, au alidhani anamjua. Msichana atasimama, atasema ahsanteni, atakaa, na kila mtu ataondoka na picha nzuri kichwani. "Simama, mwanangu. Neno moja tu."

Kipaza sauti kilipita mkono kwa mkono mpaka kikamfikia Suhail, naye akampa, safari hii bila kuvuta kiti. Safaa alikishika kama mtu aliyeshika ndege aliye hai. Ukumbi ukangoja.

"Ahsanteni," alisema.

Fahmi akaanza kupiga makofi.

"Siku ile Bimkubwa alikuwa kazini," Safaa akasema. "Kila siku huwa kazini. Nilikuwa nimeshika mti naye. Walipoita wageni, mie niliachia, nikakimbilia bakuli. Mguu wake mie niliuunguza. Na lile bakuli ulilooneshwa, Bi Khairiya, si lake. Lake lilikuwa mbali. Mie nilimwekea. La kwangu."

Aliishiwa hapo. Akakaa, kipaza sauti bado mkononi, na pumzi zake zikasikika ukumbi mzima. Hakuna aliyeambiwa apige makofi ya mvua.

Fahmi alisimama. "Muongo! Kichwa chake hakiko sawa, shule yenyewe hakumaliza. Muulizeni Ngwali!"

"Nitamuuliza," alisema Bi Khairiya, tayari anafungua faili. "Na wewe nitakuuliza. Lakini kwanza namwandika huyu."

"Umewauza wenzako," Fahmi alimwambia Safaa akimpita. Hakumwita mwanangu. "Wanawake thelathini kesho hawana kazi, waje kwako uwapikie." Akatoka, na punde gari lake likasikika likiondoka.

Maelezo yalichukua saa nzima. Bi Khairiya aliandika, akamsomea, akaandika tena. Mwisho alitoa karatasi yake ya wiki tatu nyuma, akapiga mstari juu ya maneno yake mwenyewe, akatia sahihi pembeni. "Hii inanitia aibu," alisema. "Ilikuwaje nisijiulize? Mama kaja kuomba kitoweo, na mikono yake imejaa makovu ya moto ya siku nyingi." Suhail, aliyebaki nje kusubiri, alimrudisha Safaa Wingwi kwa pikipiki yake. Njia nzima hakutia neno la mzaha.

Kesho yake asubuhi Safaa alikwenda Mgogoni. Alimkuta Bimkubwa kwenye baraza, mguu juu ya mto, nzi wakizunguka bendeji. Ilinuka. Safaa alipiga magoti, akamwamkia, akayasema yote, mpaka kuachia mti, mpaka bakuli.

Bimkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, akifukuza nzi kwa pepeo.

"Nilikuwa macho, Safaa," alisema. "Unadhani mtu akiungua hulala? Nilikuona."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Nilisema garini, nilisema hospitali, nilisema kwa sheha. Wakanitazama tu. Mtu mwenye bakuli ubavuni nani atamsikiliza?" Akafukuza nzi tena. "Sijakusamehe. Nisikudanganye. Lakini mwanangu kaenda kutafuta dawa, na bendeji hii inataka kubadilishwa. Maji yako jikoni."

Safaa aliyaleta maji. Aliifungua bendeji taratibu, ikashika, akailowesha, ikaachia. Hakugeuza uso. Alisafisha kidole kwa kidole, na Bimkubwa aliuma ukingo wa kanga yake bila kutoa sauti.

Bado wapo hapo alipopita mwanamke mmoja wa diko, Zulekha, akielekea nyumbani mara moja na ndoo tupu ya plastiki kichwani. Alisimama njiani, akaogopa kukaribia.

"Safaa, kumbe uko huku! Ngwali kasema ukionekana pale atakutia majini." Kisha akapunguza sauti. "Mabakuli yamekwisha. Asubuhi kayakusanya yote kayachoma. Kasema kuanzia leo kila mtu aje na ndoo. Akija mgeni, sisi ni wanunuzi."

Bimkubwa alicheka, kicheko kikavu kilichomwishia kwa kuguna. Safaa hakucheka. Alitazama ile ndoo mpya, nyekundu, bei yake bado imebandikwa ubavuni, akaona mate machungu yamemjaa mdomoni. Akageuka akatema nje ya baraza.

Saa nne gari la Bi Khairiya lilisimama mbele ya nyumba. Alisalimia, akakaa kwenye mkeka karibu na Bimkubwa, akafungua faili, akaandika jina lake, na mbele ya jina akaandika: mfanyakazi. Alimwonesha. Bimkubwa hakujua kusoma. Akamgeukia Safaa.

"Limeandikwa?"

Safaa alilisoma herufi kwa herufi. "Limeandikwa."

Walipomaliza, afisa alisimama, akasema anateremka diko sasa hivi, na kwamba hatapiga simu kwa mtu. Safaa alimfuata mpaka kwenye gari. Mikono yake ilikuwa bado imelowa, inanuka dawa na usaha, na chini yake dagaa.

"Bi Khairiya," aliita, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Usitafute mabakuli, leo wanajifanya wanunuzi. Watazame ndoo zao. Hakuna hata moja iliyolowa. Halafu watazame mabega, utaona alama ya mti."